Bendera ya manjano, nauli ya nani?

Mpwa wangu ni mtu wa bodaboda hapa Malindi, na kaapa kwamba lazima aende Naivasha kuwa marshali wa mbio za magari za Safari Rally: wale wanaosimama kando ya njia na bendera na mtungi wa kuzimia moto. Malipo? "Ni kujitolea, mjomba." Wazee pale barazani walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mombasa tu ni kilomita kama 120, Nairobi karibu 480 zaidi, kisha 90 nyingine. Nauli yake, chakula chake, na pikipiki siku zote hizo iko chini ya mwembe.

Mimi sikucheka. Hata Formula 1, mbio za magari za dunia zenye mabilioni yake, wengi wa marshali wake hawalipwi. Wanakuja kwa mapenzi, na mapenzi yana faida yake: mtu aliyefuata mshahara tu, sijui kama atasimama juani kutwa nzima akiangalia kona moja. Tena kuna elimu pale. Wiki iliyopita mtu alianguka karibu na stendi, watu wakamrukia, huyu anavuta mkono, yule mguu, wa tatu anapiga picha. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kusimamisha matatu iliyokuwa ikija nyuma. Kazi ya marshali huanzia hapo: bendera ya manjano kwanza, anayekuja apunguze mwendo, ndipo majeruhi afikiwe.

Lakini moyo bila vifaa ni balaa. Zandvoort, Uholanzi, mwaka 1973, gari la Roger Williamson lilipinduka likawaka naye ndani. Marshali hawakuwa na nguo za kuhimili moto. Dereva mwenzake, David Purley, ndiye aliyesimama akahangaika kuligeuza peke yake, asiweze. Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1977, marshali wa miaka 19 alivuka njia mbio na mtungi wake kwenda kuzima moto mdogo. Gari la Tom Pryce likamgonga, mtungi ukampiga Pryce kichwani, wakafa wote wawili. Na Melbourne, Australia, mwaka 2001, marshali Graham Beveridge hakuvuka popote. Gurudumu lililochomoka garini lilipenya uwazi wa uzio likamfuata alipo, likamuua.

Kwa hiyo mshahara haunisumbui. Lamu, kwenye mbio za punda za Maulidi, vijana hufukuza watoto njiani bure, na hakuna anayelalamika. Ila yule wa Lamu akimaliza anakwenda kwao kula, na akikanyagwa, ni punda. Anayesimama mbele ya gari la mbio kwa hiari anastahili mafunzo, nguo, sahani ya chakula na bima, na gharama hizo ni za mwenye mashindano.

Nimemwahidi nauli mpaka Nairobi, kwa sharti awaulize waandaaji kwanza: akiumia, hospitali analipa nani? Bado hajapiga simu. Bendera ya manjano, lakini, keshashonesha.