Benki za Kenya, Hazina na Mkopo Usiomfikia Fundi

Benki Kuu ya Kenya iliposhusha riba yake hadi asilimia 10.75 Februari 2025, kutoka 13 mwaka mmoja kabla, ilizilaumu benki za biashara waziwazi kwa kutowapunguzia wateja makali ya mikopo. Lawama hiyo ina msingi. Mwishoni mwa 2024 mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa imeanza kupungua badala ya kukua, na fundi samani wa soko la Gikomba jijini Nairobi asiyekuwa na fedha za mbao hukataa oda, humwachisha kazi kijana wake wa kupiga msasa, naye mama wa kibandani akapoteza mteja wa mchana.

Benki nazo zina la kujitetea. Mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ilikuwa imepita asilimia 16 ya mikopo yote, na fedha zinazokopeshwa ni amana za watu. Isitoshe, kubana riba kwa sheria kulikwisha kujaribiwa: kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019 benki haikuruhusiwa kutoza zaidi ya pointi 4 juu ya riba ya Benki Kuu, na wenye biashara ndogo, walioonekana kuwa hatari kwa bei hiyo, wakafungiwa mlango. Wengi walikimbilia mikopo ya simu, ambako ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 si ajabu.

Lakini utetezi huo una tundu. Katikati ya 2024 hati za Hazina za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, zililipa karibu asilimia 16; kwa faida hiyo, afisa wa mikopo ana haja gani ya kupekua daftari la mauzo au kusafiri kukagua shamba la rehani? Na Hazina haishindanii mikopo tu, bali pia huizalisha ile iliyo chechefu: mkandarasi hukopa, hujenga barabara, huwasilisha ankara, kisha husubiri miaka huku riba ikipanda, hadi anaorodheshwa CRB, shirika linaloweka rekodi za wakopaji, kwa deni ambalo mdaiwa wake halisi ni serikali.

Ndiyo maana naona kuwalipa wakandarasi kuna uzito kuliko kushusha riba mara nyingine. Watakaouliza fedha zitatoka wapi wana haki: mpango wa 2025 wa kuweka rehani sehemu ya tozo ya mafuta ili kulipia madeni ya barabara nao ni mkopo. Tofauti ni kwamba deni sasa linakaa kwa aliyelisababisha.