Mvuke wa Maji wa K2-18b: Tusambaze na Masahihisho

Juma lililopita iliingia tena, katika kundi letu la familia la WhatsApp, ile habari ya Septemba 2019 kwamba wanasayansi wamepata maji kwenye sayari K2-18b, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 124 katika kundinyota la Simba. Mpwa wangu, mwanafunzi wa darasa la sita, akaniuliza: “Mjomba, huko kuna samaki?” Swali hilo zuri liliniuma, kwa sababu habari yenyewe ilikwisha kusahihishwa na sisi wakubwa hatukumwambia.

Kilichotangazwa mwaka ule kilikuwa dalili ya mvuke, si bahari. Sayari hiyo inapopita mbele ya nyota yake huziba karibu asilimia 0.3 ya mwanga, na sehemu ndogo mno ya mwanga unaobaki hupenya kwenye angahewa ya sayari kabla ya kutufikia. Darubini ya Hubble iliitazama ikipita mara 8, na vipimo vyake vikaonyesha kinundu kidogo kwenye mchoro wa mwanga huo, karibu na urefu wa wimbi wa mikromita 1.4, mahali ambapo mvuke wa maji hufyonza mwanga. Tatizo ni kwamba metheni nayo hufyonza mwanga papo hapo, na kifaa kile cha Hubble kilikomea karibu na mikromita 1.7, hivyo hakikuwa na nafasi ya kutosha ya kuzitenganisha gesi hizo mbili. Kundi moja la watafiti lilikadiria kwamba mvuke ungeweza kuwa kati ya asilimia 0.01 na asilimia 50 ya angahewa. Makadirio mapana kiasi hicho yalistahili kuandikwa kwa herufi zilezile kubwa zilizoandika neno “maji”.

Mwaka 2023 darubini ya James Webb, inayopima hadi kupita mikromita 5, ilikuta metheni na dioksidi ya kaboni. Mvuke wa maji haukuthibitika. Masahihisho hayo hayajawahi kuingia kwenye kundi letu hata siku moja.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bila kichwa cha habari cha kuvutia mpwa wangu asingeuliza chochote. Mvuke umeonekana waziwazi kwingineko, kama kwenye sayari WASP-96b, lakini hilo ni jitu la gesi lenye joto kali. Kisa cha sayari nyingine, GJ 486b, kinanitia hofu zaidi: mwaka huohuo wa 2023 Webb iliona dalili za maji, ila huenda mvuke huo umo katika madoa baridi ya nyota yenyewe.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya. Akauliza: “Kwa hiyo hakuna maji?” Nikamwambia kwamba huenda yapo, kwa kuwa mvuke unaweza kupoa na kugeuka matone huko chini, kabla haujafika tabaka la juu ambalo darubini hulipima, na kwamba sayari ile hupita tena mbele ya nyota yake kila baada ya siku 33.