Torn Curtain mnaionea

Nimesoma makala yenu inayopanga filamu za mwongozaji Alfred Hitchcock kuanzia bora hadi mbovu: mwandishi ameiweka Psycho (1960) kileleni na Torn Curtain (1966) mkiani. Hapo mkiani sikubali. Kweli, waigizaji wake wakuu, Paul Newman na Julie Andrews, hawapikiki chungu kimoja, lakini yale mauaji ya jikoni kule shambani! Hakuna muziki, jamaa hafi upesi, mpaka kichwa kinasukumwa ndani ya oveni ya gesi. Nani mwingine angethubutu? Mkiani ni Topaz (1969), hata kurekodiwa miisho mitatu hakukuiokoa. Na Notorious (1946) mmeisahauje? Kamera inashuka taratibu kutoka juu ya ngazi, inapita wageni wote, hadi kwenye ufunguo mkononi mwa mwigizaji Ingrid Bergman. Mimi hapo chai hupoa mezani.