Rimu Ndogo, Tairi Nene: Gari la Spoti kwa Barabara za Tabora

Mtu akinunua Subaru Impreza WRX au Toyota Altezza hapa Tabora, swali la kwanza analoulizwa kijiweni ni atafunga rimu za inchi ngapi. Habari ya tairi haiulizwi, au inaulizwa mwishoni, pesa zikiwa zimeshakwisha. Mimi naona mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Kwa gari la spoti linalotumika kila siku, yaani linalopeleka watoto shule asubuhi, likaenda kazini, likapita sokoni na Jumamosi likafika shambani, tairi ndilo linalopaswa kuchaguliwa kwanza, na rimu ichaguliwe kwa kufuata mahitaji ya tairi hilo. Tena kwa mazingira yetu, tairi lenyewe linapaswa kuwa na ubavu (kimo cha mpira kutoka rimu hadi pale tairi linapokanyaga) mrefu kuliko fasheni inavyopenda.

Wasinielewe vibaya wale wanaodhani Tabora ni vumbi tupu. Unaweza kutoka hapa kwenda Nzega kwa lami, ukaenda Sikonge na kuendelea hadi Mpanda kwa lami, na tangu kipande cha Nyahua hadi Chaya kiwekewe lami, safari ya Itigi na Manyoni haina tena adha ile ya zamani. Kwenye barabara hizo gari la spoti linastarehesha. Taabu iko kwenye mita mia chache za kutoka nyumbani na mita mia chache za kurudi: pale lami inapoishia na mtaa wa Isevya, Ipuli au Cheyo unapoanza, ambapo mvua imekula ukingo wa lami ukabaki kama ngazi, mbele yake kuna kalavati lililochomoza, na baada ya hapo mchanga. Ukijumlisha matuta na rasta za barabara kuu, utaona kwamba gari la kila siku hapa linapigwa magurudumu mara nyingi zaidi kuliko linavyokata kona kwa kasi. Tairi na rimu lazima vichaguliwe kwa kuzingatia kipigo hicho.

Tuchukue mfano wa gari ninaloendesha mwenyewe, WRX ya kizazi kilichoanza kutoka mwaka 2000. Matoleo mengi ya Japani yaliyofika kwetu yana tairi za 215/45R17. Namba hizo zina maana ya upana wa milimita 215, ubavu wenye urefu wa asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Ukipiga hesabu, ubavu unakuwa kama milimita 97, na kipenyo cha gurudumu zima ni karibu milimita 625. Sasa weka 205/55R16: ubavu unapanda hadi takriban milimita 113, na kipenyo kinakuwa karibu milimita 632. Yaani gurudumu zima limekua kwa asilimia moja tu, kiasi ambacho spidomita haitakudanganya kwa namna ya kukuletea matatizo, lakini umepata milimita 16 za ziada za mpira na upepo kati ya rimu na ukingo wa lami. Huu si ubunifu wa fundi wa mtaani, kwa sababu WRX ilipoanza kuuzwa Marekani kama modeli ya 2002, ilitoka kiwandani na saizi hiyohiyo ya 205/55R16. Aliyelitengeneza gari aliridhika nayo, kwa hiyo sioni kwa nini mimi wa Tabora niione aibu.

Juzi nilikuwa gereji nikisubiri gari langu lishuke kwenye jeki, akaingia kijana na Altezza iliyoshushwa, imefungwa 225/35R19. Ubavu wa tairi la namna hiyo haufiki milimita 79. Alilalamika kwamba gurudumu la mbele kushoto linapoteza upepo kila baada ya siku mbili ingawa limeshazibwa. Fundi alilivua, akalilaza chini, akamimina maji ya sabuni kwenye mdomo wa ndani wa rimu, ule upande unaotazama shokapu ambao mtu haoni gari likiwa limesimama. Mapovu yakajipanga mstari mmoja mwembamba wenye urefu wa kidole. Alipofuta kwa kitambaa ukaonekana ufa, na sentimita chache pembeni yake palikuwa na kovu la zamani la kuchomelea. "Bosi, rimu hii ilishapasuka kabla hujainunua," fundi alisema, na kijana akanyamaza. Rimu ya chuma ikipinda hunyooshwa kwa nyundo na kuendelea na kazi, lakini rimu ya aloi ya kumimina ikipigwa hupinda kidogo kisha hupasuka, na kuichomelea huidhoofisha pembeni mwa mshono. Mwenye rimu ya namna hiyo anasafiri na watu kwenda Nzega juu ya kitu ambacho hakuna awezaye kukidhamini.

Nakubali kwamba rimu kubwa zina faida zake. Ubavu mfupi haunepi sana kwenye kona, kwa hiyo usukani unajibu upesi, na ndani ya rimu kubwa kuna nafasi ya diski na kaliper kubwa za breki. Uzuri wake pia siubishi, maana jicho halina pazia. Lakini usukani unaojibu upesi una thamani pale unapokuwa na kona za kuutumia, na barabara ya Tabora kwenda Nzega imenyooka kwa sehemu kubwa. Zaidi ya hapo, rimu kubwa za bei nafuu kwa kawaida ni nzito, na uzito ulio chini ya springi ndio mbaya kuliko wote: shokapu hushindwa kulirudisha gurudumu chini haraka baada ya tuta, bushi na boljointi hupata taabu, na gari huchelewa kuondoka na kuchelewa kusimama. Mtu analipa pesa ili gari la spoti liwe zito, kisha analipa tena kwa fundi wa injini ili liongezewe nguvu.

Kwenye ununuzi wa rimu za mtumba kuna mambo ambayo wauzaji wetu huyapita haraka, na mimi nisingependa uyapite. Impreza nyingi za kizazi hiki zina matundu matano kwenye duara la milimita 100, na Altezza ina matano kwenye duara la milimita 114.3, kwa hiyo haziazimani. Hatari kubwa zaidi iko pale namba zinapofanana nusu. Rimu za Toyota Wish nazo zina matano kwa 100, na muuzaji atakuapia kwamba zinaingia kwenye Subaru. Ukweli ni kwamba tundu lake la katikati lina milimita 54.1 wakati kitovu cha Subaru kina 56.1, hivyo haikai mpaka mtu achukue grainda na kulipanua kwa kukisia, na baada ya hapo usukani utatetemeka hata ukibalansi mara kumi. Nati nazo ni hivyohivyo: za Toyota na za Subaru zote zinafaa kwenye stadi (skrubu za kitovu zinazoshika rimu) za milimita 12, lakini hatua ya nyuzi, yaani umbali kutoka uzi hadi uzi, ni milimita 1.5 kwa Toyota na 1.25 kwa Subaru. Nati ya Toyota itaanza kuingia kwenye stadi ya Subaru kama kawaida, kisha itakaza ghafla, na fundi mwenye haraka atailazimisha kwa spana ndefu akidhani ni kutu. Hapo stadi imekwisha.

Kuna pia namba ya ET iliyopigwa nyuma ya rimu, inayoonyesha uso wa kufungia umesogea milimita ngapi kutoka katikati ya rimu. Impreza hizi zilitoka na ET inayozidi 50. Ukifunga rimu ya ET 35, gurudumu linatoka nje kwa zaidi ya sentimita moja na nusu. Gari linaonekana limepanua mabega, vijana wanashangilia, na beringi za mbele zinaanza kuhesabu siku. Ukipakia watu wanne ukapita kwenye tuta, tairi litasugua fenda.

Sasa tufike kwenye tairi lenyewe, ambako ndiko pesa zinapaswa kwenda. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani huja na tairi zenye kashata (meno ya tairi) za kina, na mnunuzi hufurahi kwamba hatanunua tairi mwaka huo. Nakushauri uchuchumae usome ubavu. Tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho za namba inayozifuata: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata ukikaa bila kutembea, hukauka na kupata nyufa ndogondogo karibu na mdomo wa rimu, na jua la Septemba na Oktoba hapa kwetu haliusaidii. Binafsi tairi lililopita miaka sita siliweki kwenye gari linalokimbia, hata kama halijafika kipara.

Jambo la pili la kusoma ni neno STUDLESS. Hizo ni tairi za theluji, na magari yaliyotoka kaskazini mwa Japani huja nazo mara nyingi. Blizzak ya Bridgestone ni mojawapo ya majina utakayoyakuta. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi kali, na kashata zake zimechanjwa chale nyingi nyembamba ili ziume barafu. Kwenye lami ya Tabora saa nane mchana tairi hilo linakuwa laini kupita kiasi, linayumba ukibadilisha njia, linachukua umbali mrefu zaidi kusimama, na linakwisha upesi. Nimeona mtu akibadilisha shokapu zote nne kwa sababu gari "linaogelea", kumbe tatizo lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa tairi.

Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kisimamishe uzalishaji, karibu kila tairi la gari dogo tunalofunga linatoka nje, na majina ni mengi kuliko uwezo wa mtu kuyajua. Mimi siangalii jina peke yake. Kwa saizi ya 205/55R16 natafuta maandishi 91V: 91 maana yake kila tairi linabeba hadi kilo 615, na V ni uwezo wa kwenda hadi kilomita 240 kwa saa. Hakuna mwenye akili atakayeufikia mwendo huo kati ya Sikonge na Ipole, lakini tairi lililojengwa kwa kiwango hicho huvumilia joto vizuri zaidi, na joto ndilo linalopasua tairi kwenye safari ndefu gari likiwa limejaa. Tairi zile laini za mashindano, zenye mifereji michache, siziwezi kuzipendekeza hata kwa mwenye pesa ya kuzichezea. Mvua zetu za kuanzia Novemba hushuka kwa kishindo na maji husimama barabarani, na tairi pana lisilo na mifereji ya kutosha huelea juu ya maji hayo kabla dereva hajajua kilichotokea. Ukubwa huu wa 205/55R16 una raha nyingine, kwamba ni miongoni mwa saizi za kawaida mno, kwa hiyo likiharibika moja hutaagiza Dar es Salaam na kusubiri basi.

Wenye Subaru wana sheria moja zaidi. Kwa kuwa magurudumu yote manne yanasukuma, tairi zote zinapaswa kuwa na mzunguko unaolingana. Ukiweka mawili mapya mbele na kuacha mawili yaliyochoka nyuma, difu ya katikati itafanya kazi ya kusawazisha tofauti hiyo kila mita unayotembea, mpaka ichoke, na gharama yake inazidi tairi nne. Nunua nne kwa pamoja, zihamishe mbele na nyuma mara kwa mara ili ziishe sawa, na spea iwe ya kipenyo hichohicho, siyo ile nyembamba ya dharura ya kufikia gereji iliyo karibu. Huku kwetu, gereji iliyo karibu inaweza kuwa Urambo.

Upepo nao usimwachie mziba pancha akisie. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaonyesha kiasi kwa kilopaskali, na 230 ni sawa na paundi 33 hivi. Pima asubuhi tairi likiwa limepoa, kwa geji yako mwenyewe, kwa sababu kompresa nyingi za barabarani zimeshagongwa mpaka mshale hausomi tena.

Wamebaki wenye STI, toleo kali zaidi la WRX. Kaliper za Brembo zilizomo kwenye matoleo mengi ya gari hilo haziruhusu rimu ya inchi 16, kwa hiyo ushauri wangu wa kushuka hauwahusu. Wabaki na 225/45R17 ya kiwandani, yenye ubavu wa milimita 101 hivi, ambayo inavumilika ukipunguza mwendo kwenye kingo, na wakumbuke kwamba kuanzia modeli ya 2005 duara la matundu lilihamia 114.3, kwa hiyo rimu za STI za kabla ya hapo hazitaingia. Mwenye rimu za 18 stoo aziuze sasa zingali nzima, kwa maana rimu iliyochomelewa hununuliwa kwa kilo.