Medali ya Kagera: Nani Athibitishe Kwamba Mzee Alikuwepo?

Ombi lenyewe ukilisoma ni dogo. Mzee wa Urambo, wa Sikonge, au wa Kasulu kule Kigoma, aliyekwenda vitani mwaka 1978 akiwa kijana, anaandika barua yenye maombi mawili. La kwanza, kumbukumbu zake za utumishi zirekebishwe zionyeshe kwamba alipigana vita vya Kagera. La pili, apewe medali ya vita hivyo, ambayo wenzake wa kombania moja waliipata na yeye akaikosa. Barua inagongwa muhuri kwa mtendaji wa kata, inapita kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, inakwenda makao makuu. Ikijibiwa, jibu ni fupi: jina lako halionekani.

Wanaowatetea wazee wa namna hii husema taifa limewasahau. Wanaowapinga husema vita viliisha 1979, waliostahili walishapewa haki zao, na anayeibuka leo atueleze alikuwa wapi miaka yote hiyo. Mimi niko karibu zaidi na wazee, ila naona watetezi wao wanang'ang'ania hoja dhaifu na kuiacha ile yenye nguvu.

Hoja dhaifu ni ya huruma. Mzee amechoka, mzee hana kitu, basi apewe. Jeshi haligawi medali kwa huruma, na halipaswi kuanza leo. Hoja yenye nguvu iko masjala: nani alikuwa na wajibu wa kuliandika jina lile mwaka 1978, na lisipoonekana, nani alitafute?

Tukumbuke mambo yalivyokwenda. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa eneo lote la kaskazini ya mto ni lake. Kesho yake Mwalimu Nyerere akaliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Uwezo huo ulibidi uongezwe haraka. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilipanda hadi kupita 150,000 ndani ya miezi michache, ukijumlisha polisi, magereza, vijana wa JKT na mgambo, ambao peke yao walikuwa kama 40,000. Sasa mfikirie karani wa kikosi katika purukushani hiyo. Hana kompyuta, pengine hata taipu hana. Ana daftari, kalamu na foleni ya vijana wanaotaja majina yao huku lori linanguruma nje.

Tabora haikuwa pembeni ya habari hii. Hapa ndipo yalipo makao ya brigedi ya magharibi, na hapa ndipo reli ya kati inapogawanyika, njia moja ikielekea Mwanza na nyingine Kigoma. Ukitaka kujua majina yanavyoteseka katika maandishi, huna haja ya kwenda mbali: kambi ya jeshi ya hapa mjini huandikwa Milambo, na mtemi aliyeipa jina huandikwa Mirambo. Kama jina la mtemi mkubwa kuliko wote wa Unyamwezi halijatulia kwenye karatasi, la kijana wa Kiha aliyetajiwa karani wa kutoka Mtwara litatulia vipi? Halafu kijana yule alirudi, akaoa, akabatizwa au akasilimu, na alipokwenda kuandikishwa kitambulisho cha taifa akataja majina matatu ambayo mawili kati yake hayakuwemo kwenye daftari la 1978. Ukimtafuta kwa jina la kitambulisho, kweli haonekani.

Mwanajeshi wa kudumu ana nafuu, kwa sababu ana namba yake ya jeshi na namba haibadiliki mtu akihama dini. Aliyeumia zaidi ni mgambo. Huyu aliitwa, akafunzwa kwa haraka, akapigana, kisha akarudi kwenye tumbaku yake na karatasi moja ambayo mchwa hawakuihurumia. Na asidhani mtu kwamba mgambo walikuwa wa kubeba maji tu. Kule Lukaya, Uganda, Machi 1979, ilitangulia brigedi ya 201, iliyojaa mgambo na askari wapya, ikakutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, na makombora yao. Ilitawanyika vibaya, na kesho yake mapigano yakaendelea mpaka njia ya Kampala ikafunguka. Katika mtawanyiko kama ule, nani alikuwa ameshika daftari?

Huo ndio upande wa mzee. Upande wa pili nao si wa watu wenye roho mbaya.

Kwanza, matapeli wapo. Tangaza leo kwamba aliyepigana Kagera aje na mashahidi wawili, na jioni mashahidi watakuwa na bei yao. Hati ya kiapo haitamzuia mwongo, maana aliyeamua kudanganya hakwami kwenye kuapa. Pili, wapo waliolala Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi ya mashujaa ambako majina yao yamechorwa kwenye mnara. Ofisa anayesema siwezi kuigawa medali ya watu hawa kwa maneno ya kijiweni anasema jambo la heshima, na tusimwone kama kikwazo tu.

Historia inampa ushahidi pia. Mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, kikosi cha 27 cha jimbo la Maine kilikuwa kinamaliza muda wake huku adui akisogea. Waziri wa vita akaahidi nishani ya juu kabisa kwa watakaokubali kubaki kuulinda mji mkuu, Washington. Walibaki kama 300. Orodha ikaandikwa hovyo, na nishani zikatoka 864, kwa kikosi kizima, pamoja na waliorudi kwao. Mwaka 1917 jopo la majenerali lilipopitia upya kumbukumbu, majina 911 yalifutwa kwenye orodha ya nishani ile, na hao 864 walikuwemo. Ndivyo inavyokuwa orodha inapolegea.

Lakini ni nchi hiyo hiyo inayotuonyesha upande mwingine wa sarafu. Kapteni Paris Davis, mmoja wa maofisa weusi wa kwanza katika vikosi maalumu vya Marekani, alipigana Vietnam Juni 1965 akiwa amejeruhiwa na akawatoa wenzake chini ya risasi. Mkuu wake alimpendekeza kwa nishani hiyo hiyo ya juu. Karatasi zikapotea. Zikaandikwa tena, zikapotea tena. Alivikwa Machi 2023, akiwa na miaka zaidi ya 80, na kilichomfikisha hapo ni wenzake waliokataa kunyamaza. Wangetumia kanuni ya "jina halionekani", habari ya Davis ingeishia kwenye droo ya karani.

Wamarekani wana bodi za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, zilizotokana na sheria ya mwaka 1946. Askari wa zamani anatakiwa kuomba ndani ya miaka mitatu tangu agundue kosa, ila bodi ina ruhusa ya kuusamehe muda huo haki ikidai hivyo. Kuna jambo jingine zuri zaidi. Julai 1973 jengo la kumbukumbu kule St. Louis liliungua, na mafaili ya askari kama milioni 16 hadi 18 yakateketea. Hawakuwaambia wazee wale kwamba majina yao hayaonekani. Walikwenda kutafuta kwingine: orodha za mishahara, taarifa za kila siku za vikosi, rejesta za hospitali, wakayaunganisha. Faili lilipotea mikononi mwa serikali, basi serikali ikalitafuta.

Sisi tunafanya kinyume. Tunamwambia mzee wa karibu miaka 70 apande basi atafute ushahidi ambao, kama upo, uko kwenye kabati ambalo yeye haruhusiwi kulifungua. Orodha za malipo ya mgambo ziliandikwa na serikali. Majeruhi walitibiwa kwenye hospitali za serikali. Walioitwa kutoka wilayani waliitwa na serikali, kwa orodha. Sheria yetu ya kumbukumbu na nyaraka za taifa ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kuwa kipimo cha kawaida cha kuzifungua nyaraka za umma, na vita hivi vimeshaipita zamani. Za jeshi zina hadhari zake, sawa, lakini siri gani ya ulinzi imo katika orodha ya vijana wa Tabora waliolipwa posho mwaka 1979?

Na karatasi zikikosekana kabisa? Hapa kuna kisa cha Kanda ya Ziwa ambacho kinastahili kukaliwa kidogo.

Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa malimbikizo askari wa Kiafrika waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki katika vita vya kwanza vya dunia, na walikuwa bado hai. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wengi katika jeshi lile. Dirisha la malipo likafunguliwa Mwanza, na inasimuliwa kwamba walijitokeza wazee kama 350. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa 1918. Wengine wakaleta vipande vya sare kuukuu. Mtu wa benki aliyeleta fedha, akiwa hajui amwamini nani, akamkabidhi kila mzee ufagio aushike kama bunduki na kumpa amri za kwata kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea.

Nakipenda kisa hiki, hata kama kimetiwa chumvi njiani. Ila anayekichukua kama dawa ya Kagera anajidanganya. Amri za Kijerumani mwaka 1964 zilikuwa zimebaki kwa waliozitii tu. Kwata ya Kitanzania iko kwa kila mtu: nani wa rika lile hakupita mgambo au JKT? Hapa Tabora hata wanafunzi wa sekondari walifundishwa kijeshi. Ukigawa fagio uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, watafaulu wote, na walioishia Igunga watafaulu pamoja na waliofika Kampala. Kuwauliza habari za daraja la Kyaka au mabwawa ya Lukaya nako hakusaidii sana, maana visa hivyo vimesimuliwa vijiweni kwa zaidi ya miaka 40.

Kinachofaa ni maswali ambayo hayamo kwenye simulizi. Nani alikuwa mpishi wa kombania? Dereva wa lori lenu mlimwita nani? Nani aliugua njiani akarudishwa? Unawauliza wanne waliokuwa pamoja, kila mmoja peke yake, chumba tofauti, na majibu yanalinganishwa. Tapeli anaweza kununua shahidi. Hawezi kununua kumbukumbu nne zinazooana juu ya mpishi. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji maofisa wastaafu wawili watatu kila mkoa na karani mwaminifu, na ifanyike wakati wazee wa kuulizwa bado wapo.

Bado kuna hofu ambayo haisemwi kwa sauti, nayo naiona ndiyo inayofunga mlango. Ni fedha. Jibu la serikali limezoeleka: walioitwa walilipwa stahili zao, na walioumia wana utaratibu wao. Akisahihishiwa mzee mmoja wa Sikonge, kesho atadai pensheni, na nyuma yake kuna maelfu. Kwa hiyo ni salama zaidi jina lisionekane.

Ndiyo maana nasema tutenganishe. Medali ya Kagera si ya ushujaa wa pekee. Ni ya kuwepo. Ushujaa una vipimo vyake, na hapo niko na yule ofisa mgumu, asilegeze hata kidogo. Lakini kwa medali ya kuwepo, tukikosea tukampa asiyestahili, hasara ni ndogo kuliko tukikosea tukamnyima aliyefika. Madai ya fedha yaende kwenye mkondo wake, yenye ushahidi wake mzito, na iandikwe waziwazi kwamba kusahihishiwa jina si hati ya malipo.

Najua wazee wengine watanijibu: medali nitaila? Ni jibu la haki, na anayeishi kwa kusubiri mtoto atume chochote ana kila sababu ya kulitoa. Wapo watakaokataa mpango wangu kwa sababu hiyo, wakiona ni ujanja wa kuwapa bati badala ya fedha. Siwezi kuwaambia wamekosea. Ninachoweza kusema ni kwamba madai yao ya fedha hayana pa kusimama mpaka majina yaingie kwanza, na kwa kuyadai yote kwa pigo moja wamekuwa wakiyapoteza yote kwa pigo moja.

Linabaki suala la waliokwisha kufa. Watoto wao nao wanaandika barua, na barua zao ni nyingi kadiri miaka inavyokwenda. Jina la marehemu ningelisahihisha kwa vipimo vile vile, wenzake wakiwa bado wanaweza kuulizwa. Medali ya marehemu ningeichelewesha hadi walio hai wote washughulikiwe, wilaya kwa wilaya, kuanzia wenye umri mkubwa. Familia hazitalipenda hilo, na mbunge wao hatalipenda zaidi, lakini mashahidi wa marehemu ni hao hao wazee walio kwenye foleni.