Heri kile kinota cha kijivu

Jumapili mama kanipigia simu kutoka Tanga. Nimemwamkia, kaitikia marahaba yake ya haraka haraka, halafu akaja na lake: "Mwanangu, huyu kijana mwenye meno ya dhahabu ni nani, na mbona anaimba kwa sauti ya Shakila?"

Nikajua hapo hapo nani kaharibu. Mpwa wangu alikuwa huko likizo na kompyuta yake.

Ile pleya ya muziki mama nilimnunulia mimi. Kidude cha ukubwa wa kiberiti, kiskrini kidogo, vitufe vitatu, memori kadi yake ndani. Nilimwekea nyimbo 312, nyingi nimezitoa kwenye kanda zake mwenyewe kwa redio kaseti na waya. Zilisikika vizuri. Ila kila wimbo ulikuja na picha ile ile: kinota cha muziki cha kijivu. Na mama miwani yake haijui ilipo siku zote, maandishi yale ya chawa hayasomi. Yeye anachagua kwa picha, kama alivyokuwa akichagua kanda kwenye kopo la biskuti: nipe ile ya kilemba chekundu, nipe ile iliyoliwa na panya pembeni. Vinota 312 vya kijivu havikumfaa kitu, akasema, na mpwa akaja na dawa. Programu inayojitafutia yenyewe mtandaoni kava, yaani picha ya albamu ya kila wimbo. Unabonyeza mara moja, unakwenda kunywa chai.

Kava zimekuja kweli. Shakila, mwimbaji wetu wa taarabu, kapewa rapa wa Kimarekani. Mbaraka Mwinshehe kapewa kwaya, wote wamevaa majoho ya zambarau. Kanda nzima ya taarabu imepewa picha ya mbwa, na sijajua mpaka leo huyo mbwa katoka wapi.

Huyo rapa lakini nimemfuatilia, na kisa chake ni cha kijinga kabisa. Kwenye tagi, yale maelezo ya wimbo yanayokaa ndani ya faili, sehemu ya albamu mimi mwenyewe niliandika "Vol. 2", kwa sababu juu ya kanda pameandikwa Vol. 2. Basi. Programu ikaenda kuuliza dunia nzima, "Vol. 2 ya nani?" Dunia ikajibu inavyojua.

Na hapa ndipo ninapowaka. Hizi programu zimetengenezwa kwa imani kwamba kila wimbo una albamu, kila albamu ina kava, na kila kava limeshapigwa skani na mtu mwenye muda wake. Sasa nenda kamwambie hayo mpigagita wa bendi ya dansi wa miaka ya 70. Walikuwa wanakwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu, wanarekodi, mkanda unabaki kwenye rafu za redio, wimbo unapigwa hewani nchi nzima inacheza. Albamu iko wapi hapo? Nchi haikuwa hata na kiwanda cha kufyatulia santuri. Aliyetaka santuri alitazama Nairobi. Na zilizofyatuliwa nyingi zilikuwa zile ndogo za nyimbo mbili, upande huu mmoja na upande huu mmoja, ndani ya bahasha ya karatasi yenye jina la kampuni. Siti binti Saad alipokwenda kurekodi Mumbai mwaka 1928, hakuna aliyemwekea picha ya kava. Ukiona leo programu imekuletea "kava halisi" la wimbo wa namna hiyo, ujue imekuletea kava la CD ya juzi iliyokusanya nyimbo za watu kumi, na anayeonekana pichani pengine siye anayeimba.

Kinota cha kijivu angalau hakisemi uongo. Kinasema, sina. Picha ya mtu mwingine inamfuta mwenye wimbo, na wajukuu wakikua watajua Shakila ni yule kijana wa meno ya dhahabu.

Haya, kwa Bongo Fleva ya mwaka huu zinapatia. Nakubali, shingo upande.

Na msinifungulie kesi ya zile blogu za kupakua nyimbo zinazobandika nembo yao ndani ya kila faili pamoja na namba ya WhatsApp ya matangazo. Hongereni sana. Marehemu aliimba miaka 30 ili nyie mpate wateja.

Kwa hiyo nimefanya kwa mkono. Nimepanda basi, nimekaa siku tatu, nimemwaga kopo la biskuti juu ya mkeka karibu na mlango penye mwanga, nikapiga picha kava za kanda moja moja kwa simu. Nikazikata mraba, nikazipachika kwa Mp3tag, programu ya kuhariri tagi ambayo ni ya bure kwenye Windows na haijifanyi kujua kuliko wewe. Nikarudisha memori kadi kwenye pleya.

Vinota. Vyote.

Usiku mzima nimetukana kimoyomoyo, mama amelala chumba cha pili. Kwenye kompyuta picha zinaonekana, kwenye simu zinaonekana, kwenye pleya kijivu. Kumbe picha za JPEG ziko za namna mbili. Kuna inayohifadhiwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kuna inayohifadhiwa kwa awamu, kwanza ukungu halafu inakolea. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kompyuta inasoma zote mbili. Pleya nyingi ndogo zinasoma ile ya kwanza tu, ya pili zinaipita kimya, hata kosa hazikuonyeshi. Na ile programu niliyokatia picha ilikuwa imetiki "progressive", yaani ile ya awamu, bila kuniuliza. Nimetoa tiki, nimepunguza picha mpaka pikseli 500 kwa 500 maana skrini yenyewe ni kama stempu, tagi nimezihifadhi toleo la 2.3 badala ya 2.4, kwa kuwa vidude vya zamani hivi 2.4 vinaigomea. Saa kumi alfajiri kilemba chekundu kikatokea. Nimekaribia kumwamsha mama.

Kanda moja haikuwa na kava kabisa. Marehemu baba aliirekodi kutoka redioni, na juu yake kaandika kwa kalamu nyekundu, kwa ule mwandiko wake wa karani: USIFUTE. Nimepiga picha kanda yenyewe, nikaipachika hivyo hivyo.

Juzi simu tena. Kapata nyimbo zake zote, hahitaji miwani, kanishukuru, kaniombea dua ndefu. Halafu:

"Hii ya Usifute umeniwekea upande mmoja. Ule wa pili uko wapi?"

Upande wa pili redio kaseti iliutafuna mwezi wa nne. Nimemwambia mtandao unakatika, nitampigia.