Mwacheni Jackie Chan, Tafuteni Kisingizio Kingine

Juzi usiku, kwenye kundi la WhatsApp la tuliomaliza pamoja, jamaa yetu mmoja (tajiri wa maneno, maskini wa michango) katuma kipande cha video kuhusu utoto wa Jackie Chan. Chini kaandika: "Mnaona? Bakora ndiyo iliyomtoa. Nyie leeni watoto kama mayai." Vidole gumba vikamiminika. Mimi usingizi ukaniruka.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba habari yenyewe ni ya kweli. Mtoto kazaliwa Hong Kong mwaka 1954, wazazi wakitumikia nyumba ya mwanadiplomasia wa Ufaransa. Darasani kachemka mapema kabisa. Baba kapata kazi ya upishi ubalozi wa Marekani kule Canberra, Australia, na dogo wa miaka 7 kaachwa kwa mwalimu Yu Jim-yuen, shule ya opera ya Kichina, kwa mkataba wa miaka 10. Sarakasi na kuimba tangu alfajiri, na ukikosea, fimbo.

Haya, tupige hesabu. Watoto waliopitia mikononi mwa mwalimu yule hawakuwa wawili watatu, na fimbo ilikuwa ile ile. Tunaowataja ni Jackie, mastaa wenzake wa picha za ngumi Sammo Hung na Yuen Biao, na wengine wachache. Waliobaki je? Au wao walichapwa kwa fimbo mbovu?

Tena hata huyo Jackie, fimbo haikumfikisha popote. Anatoka pale ana miaka 17, opera yenyewe inakata roho, na shule ya kalamu ilishampita. Kazi aliyopata ni ya kurushwa na kuangushwa badala ya mastaa. Kwenye picha ya Bruce Lee ya 1972, *Fist of Fury*, yule adui anayepigwa teke mpaka anatokea upande wa pili wa ukuta, aliyeruka kwa niaba yake ni Jackie. Kazi zikakauka, akawafuata wazazi Canberra akawa kibarua wa ujenzi. Hata hilo jina la Jackie kalipata saiti, kwa kufanya kazi na fundi aliyeitwa Jack. Akaitwa tena Hong Kong, wakamlazimisha awe Bruce Lee wa pili, akunje uso. Watazamaji wakampa mgongo.

Kilichomtoa ni picha ya mwaka 1978, *Drunken Master*, alipoachiwa awe mtundu. Hapo ndipo kwenye hoja yangu.

Nyie mliokaa kwenye mabenchi ya kibanda umiza mnajua kanuni: stelingi hafi. Na kwa kweli, stelingi wengi hata hawakuumia. Akaja huyu, anapiga ngumi halafu anatikisa mkono, uso umekunjamana kwa maumivu! Kibanda kizima kicheko. Kumbe ngumi inamuuma hata anayeipiga. Picha ikiisha, majina yanapanda, tunaonyeshwa alivyokosea: kadondoka, kabebwa, kafungwa bandeji. Mwenye kibanda alikuwa na tabia ya kuzima deki pale pale awahi kuingiza watu wengine, na sisi tunapiga kelele kama tumeibiwa. Mimi nilishachapwa sita za matako kwa kukamatwa kibandani saa za masomo. Nilichojifunza ni kukaa mbali na mlango.

Huyo ndiye mtu wenu wa bakora. Mwaka 1986, akirekodi Yugoslavia, kaanguka kutoka mtini, fuvu likapasuka, na sikio moja halikurudi kuwa zima. Maisha yake yote anatuonyesha kwamba maumivu yanauma, nyie mnamfanya ushahidi kwamba hayaumi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba bila miaka ile 10 asingeweza kuruka vile, na mwenyewe bado anamheshimu mwalimu wake. Lakini mazoezi ni kitu kimoja na kipigo ni kingine. Alivyotoboa Marekani mwaka 1998 na *Rush Hour*, wakati majaribio ya miaka ya 80 kule yalibuma, ni subira. Oscar ya heshima ya 2016 ni subira. (Aliyoyasema kuhusu siasa za China yana siku yake.)

Na kuna jambo ambalo kipande chenu hakikuonyesha. Katika kumbukumbu alizochapisha, Jackie mwenyewe anakiri kwamba siku moja kwa hasira alimnyanyua mwanawe, mtoto mdogo kabisa, akamrusha chumbani mpaka kwenye sofa. Mnataka kujua fimbo ilienda wapi baada ya miaka 10? Ilienda hapo.

Niliyaandika haya yote kwenye kundi saa saba za usiku. Asubuhi jamaa kajibu kwa sauti ya dakika nne, sijaifungua. Admini katupia orodha ya mchango wa harusi juu yake, na jina la jamaa bado lina ahadi tupu.